Uzi: Hela ya TASAF ilimnunulia mama yangu mwezi wa kumi na moja (Kasulu, Kigoma)

Mlima Heru

Wakuu habari za jioni. Juzi kuna mahali humu watu walikuwa wanabishana kuhusu hela za kaya masikini zinazotolewa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, mmoja anasema ni kuwalemaza watu, mwingine anasema elfu ishirini itamsaidia nani kwa maisha haya. Sikuchangia siku ile kwa sababu nilikuwa safarini na niliona nikiandika mistari miwili nitakuwa sijasema kitu. Mimi hiyo hela imenikuza. Leo nimekaa niandike nilichokiona kwa macho yangu, ni ndefu, mwenye haraka apite tu.

Kwetu ni Kasulu, upande wa milimani huko Heru Juu, kijiji sikitaji maana watu watajulikana. Baba, mama na sisi watoto wanne, mimi ndio mkubwa. Shamba la nyumbani ekari moja na nusu, mahindi na maharage yamechanganywa, migomba kidogo nyuma ya nyumba, halafu kipande kingine cha muhogo kwenye mteremko. Jembe la mkono mwanzo mwisho, ng'ombe hatukuwahi kuwa nao.

Baba kama wanaume wengi wa kwetu alikuwaga anaenda Tabora kwenye tumbaku, anaondoka mvua zikikaribia anarudi mwezi wa tano au wa sita. Waha wengi wameezeka nyumba zao kwa tumbaku za Kaliua na Urambo. Machi 2015 alikuwa juu ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, wanaojua bani wanajua, majani yanafungwa kwenye vijiti halafu mtu anapanda juu anatanua miguu kwenye nguzo za huku na huku anapokea vijiti kutoka chini anavipanga. Nguzo moja ikakatika. Alianguka mpaka chini akaumia nyonga. Mwenye shamba akampa nauli na elfu thelathini akamwambia hesabu zake atatumiwa msimu ukiisha, na hesabu hizo hazikuja mpaka leo. Akapanda treni akashuka Uvinza, kutoka pale akaja kwenye kiti cha mbele cha gari la mizigo, nyumbani akafika amebebwa na watu wawili.

Sisi tukasema sawa, muhogo upo. Mwezi wa saba mama akaanza kung'oa na mimi nilikuwa naye. Majani juu yalikuwa mazuri tu, njano kidogo yale ya chini, lakini ukikata muhogo wenyewe ndani kuna michirizi ya kahawia, mikavu kama gome la mti. Mama akakata wa kwanza akautupa, wa pili akautupa, wa tatu, alipofika kama wa kumi akaacha kutupa, akawa anakaa chini kabisa anachonga zile sehemu zilizooza anabakiza vipande vya ukubwa wa kidole anaviweka kwenye sufuria. Ndoo nzima ya muhogo ilitoa bakuli moja. Hakuongea kitu mpaka tunafika nyumbani.

Baadae nilipokuja kusomea kilimo ndio nikajua unaitwa ugonjwa wa michirizi kahawia, unasambazwa na inzi weupe na unasambazwa zaidi na sisi wenyewe kwa kupeana vipando. Mama alikuwa amepewa vipando na jirani kwa upendo tu.

Nitaendelea, napika kwanza.

mama Wawili

Hapo kwenye sufuria umeniliza kaka. Endelea, tupo.

Reli ya Kati

Niko siti ya mbele. Ila mkuu usitukatie njiani kama wale wa humu ndani.

Mlima Heru

Nimerudi.

Sasa naomba mnielewe hapa maana ndio penyewe. Watu wa mjini wakisikia familia ya mkulima ina njaa wanadhani mkulima hajui kulima, au mvua haikunyesha, au hana mbegu. Kwetu mvua inaanza mwezi wa kumi kuelekea wa kumi na moja na inaenda mpaka wa nne au wa tano. Mwezi wa kumi na moja ndio mwezi wa kulima na kupanda. Na huo huo mwezi wa kumi na moja ndio chakula cha ndani kimeisha. Sasa mtu ambaye hana akiba anafanya nini? Anaenda kulima ngwe za watu, yaani kipande cha shamba la mtu unachopimiwa ukilime kwa malipo, ili apate hela ya kula leo. Mama alikuwa anaondoka saa kumi na moja alfajiri anamaliza ngwe yake saa sita saa saba, analipwa 2,500, anapita dukani anachukua unga kilo mbili na chumvi, anarudi mikono imekufa. Shamba lake linamwangalia. Analigusa kidogo kidogo jioni, jumapili, mpaka analimaliza Disemba inaenda kuisha, mahindi ya wenzake yapo kiunoni ya kwake ndio yanatoa masikio. Mahindi ya kuchelewa kwetu hayajawahi kutoa kitu, yanakutana na mvua ikikata, na viwavi vinaanzia humo humo. Unavuna gunia tatu badala ya sita saba. Gunia tatu zinaisha mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja unarudi tena kwenye ngwe za watu.

Kwa hiyo yule mwenye shamba kubwa analimiwa kwa wakati na mtu ambaye la kwake linachelewa. Mzunguko unazunguka hivyo hivyo mwaka hadi mwaka na wewe ndio unaitwa mvivu.

Na kuna kitu kingine, mahindi ya kukopa. Kuna mzee kijijini, simtaji, alikuwa anakukopesha debe moja mwezi wa kumi na mbili unamrudishia mawili mwezi wa tano. Mwaka ule wa 2015 kabla hata hatujafika Disemba mama alishachukua debe tatu. Kwa hiyo gunia moja na kitu ya mavuno ambayo hata hayajapandwa ilikuwa tayari ni ya mzee.

Mpenda Ukweli

Pole sana mkuu kwa mliyopitia. Ila mimi bado swali langu ni lile lile, kwa nini wasipewe mbegu na mbolea moja kwa moja? Hela inaliwa, mbegu inazaa.

Mlima Heru

Swali zuri mkuu nitalijibu, nimalizie kwanza ilivyoanza.

Mwaka huo ndio kijiji chetu kiliingia kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini. Mpango wenyewe ulizinduliwa na Rais Kikwete mwezi wa nane 2012 lakini ulienda kwa awamu, wilaya kwa wilaya. Ulifanyika mkutano wa kijiji, watu wenyewe wakataja nani hali yake ni mbaya kuliko wote, na kweli hapo kulikuwa na kelele, maana kusimama mbele ya watu wote usikie jina lako linatajwa kwenye orodha ya masikini siyo jambo dogo. Baba alikataa. Alisema yeye si ombaomba, ana miguu tu inamuuma. Mama akamwambia sawa baba Fulani, wewe usiende, mimi nitaenda. Baada ya hapo wakaja watu na dodoso wakauliza mnalala wangapi, paa ni la nini, mnakula mara ngapi, halafu majina yakarudishwa mkutanoni yakasomwa tena.

Hela ya kwanza ilitoka Novemba 2015, uchaguzi ulikuwa umeisha wiki chache nyuma. Walikaa na meza chini ya mwembe karibu na ofisi ya kijiji, kamati ya wanakijiji wenyewe pale pale. Mahesabu ya kipindi kile nayakumbuka kwa sababu mimi ndio nilikuwa namsomea mama ile karatasi. Kaya ilikuwa na ruzuku ya msingi 10,000 kwa mwezi, ukiwa na watoto inaongezeka 4,000, mtoto chini ya miaka mitano anayepelekwa kliniki 4,000, mwanafunzi wa msingi 2,000 kila mmoja, nasi tulikuwa watatu shuleni. Jumla 24,000 kwa mwezi, na zinatoka mara moja kila miezi miwili, kwa hiyo 48,000. Mama hajui kuandika, akaweka dole gumba. Alivyopewa akahesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga fundo mbili, njia nzima mkono wake uko kwenye lile fundo, na ule wino wa bluu kwenye kidole hakuufuta mpaka kesho yake.

Sasa sikilizeni 48,000 ilifanya nini. Debe mbili za mahindi kwa 12,000 kila moja, hiyo ni 24,000. Sado mbili za maharage ya mbegu 14,000. Zilizobaki 10,000 zikawa chumvi, sabuni, daftari zetu na dawa za kuchua za baba. Basi. Ukiiangalia hivyo unasema mbona mahindi yenyewe yalikuwa ya kuliwa, Mpenda Ukweli hapo ndio jibu lako lilipo. Hizo debe mbili zilimfanya mama asiende kwenye ngwe za watu kwa wiki tatu. Wiki tatu za Novemba! Alilima shamba lake mwenyewe kwanza, mimi na mdogo wangu tukitoka shule tunamfuata, baba anakaa kwenye kigoda pembeni ya shamba anachambua mbegu. Tukapanda tarehe za wenye uwezo. Tangu nimepata akili ilikuwa mara ya kwanza mahindi yetu kulingana urefu na ya jirani.

Wangempa mbegu na mbolea peke yake angezipokea kwa mikono miwili, halafu kesho alfajiri angeenda kwenye ngwe ya mtu maana watoto wanataka kula, na ile mbegu angeipanda Disemba. Au angeiuza nusu. Nimeona watu wakiuza mbolea, na ukimuuliza anakwambia mtoto anaumwa.

mama Wawili

Mimi ni mwanamke na nimelima vibarua, hiyo ya shamba lako kukuangalia wakati unalima la mtu naijua inavyouma. Unakuta unapita kwenye la kwako unageuza shingo.

Bani la Kaliua

Mimi ni Mnyamwezi wa Kaliua, nyumbani tunalima tumbaku mpaka leo. Kwanza pole kwa mzee. Hayo ya kudhulumu watu wanaotoka Kigoma yapo na sisi wenyeji tunayajua, mtu analima msimu mzima, anachoma bani, anafunga mitumba, mwisho wa siku anaambiwa alikula sana. Nimesoma hapa nimeinama.

Nikuulize, mwaka uliofuata baba alirudi tena Tabora au ndio basi?

Mlima Heru

Asante ndugu yangu. Hakurudi. Hata angetaka nyonga isingemruhusu. Lakini nikuambie alichofanya. Mwaka uliofuata mama alimnunulia tezo na panga jipya kwa hela ya awamu mojawapo, akaanza kuchonga mipini ya majembe, amekaa nyumbani, mtu akipita anachukua, siku ya soko mdogo wangu anafunga mipini kumi kwenye baiskeli ya kuazima anapeleka. Elfu moja moja. Wanaojua mwanaume aliyezoea kuondoka na kurudi na kitu halafu akakaa mwaka mzima analishwa na mkewe, wanajua ile mipini ilimrudishia nini. Alianza kunyoa ndevu tena.

Mavuno ya 2016 tulipata gunia sita na nusu za mahindi, na maharage debe tano. Mzee wa mikopo akalipwa debe zake sita, tukabaki na mahindi ambayo hayana mtu nyuma yake. Maharage tulipanda tena mwezi wa tatu, kwetu maharage yanakubali misimu miwili, na hiyo mbegu ya pili ilitoka kwenye ile ile ya kwanza.

Halafu hakuuza mahindi mwezi wa sita. Hii nayo ilikuwa mpya. Mwezi wa sita debe lilikuwa linaenda 5,000 au 6,000 kwa sababu kila mtu anauza, watu wanauza kwa sababu ya madeni na sare za shule, wengine wanauza yakiwa bado shambani kabisa. Mama alijua mwezi wa saba na wa tisa kuna kitu kitatoka, kwa hiyo akayapiga dawa ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, akayaweka. Gunia moja aliuza Januari kwa bei ya Januari.

Bani la Kaliua

Umetaja dumuzi. Wazee huku wanasema huyo mdudu kwa nchi hii alionekana kwanza kwetu Tabora, miaka ya sabini mwishoni, na ni kweli. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaweka mahindi kwenye vihenge na magunzi yake bila dawa. Sasa usipopukuchua ukachanganya dawa miezi mitatu tu unakuta unga.

Mpenda Ukweli

Mkuu nimekuelewa kuhusu Novemba, sikuwahi kulifikiria hivyo. Lakini nikubalie pia kwamba wapo wanaochukua wanaenda kunywa. Nimewaona kwa macho, siku ya malipo vilabu vya pombe ya ndizi vinajaa.

Mlima Heru

Wapo mkuu, sikatai, kijijini kwetu pia nawajua wawili. Ila wale wawili walikuwa wanakunywa kabla na wamekunywa baada. Watu waliokaa chini wakahesabu wamekuta kitu kingine. Watafiti David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti 19 za nchi mbalimbali za watu waliopewa hela, kuangalia tu hili la pombe na sigara, na hawakukuta kwamba matumizi ya pombe yanapanda. Kule Kenya, Rarieda kwenye kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly liliwapa watu hela kwenye simu bila sharti lolote, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakawafuatilia wakachapisha 2016, watu wakala vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakabadilisha nyasi wakaweka bati, pombe haikuongezeka. Na wale jamaa zetu wa Rarieda ni wakulima wadogo kama sisi tu.

Na hapa kwetu TASAF kabla ya kwenda nchi nzima walifanya majaribio Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, vijiji 80, nusu vikaanza kupata hela 2010 nusu vikasubiri ili walinganishe. Mnajua walikuta nini? Watoto wanavaa viatu. Kaya zina kuku na mbuzi zaidi. Watu wamekata kadi za CHF, ile bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Niliposoma hiyo ya viatu chuoni nilifunga laptop nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, kwa sababu mdogo wangu wa tatu viatu vyake vya kwanza maishani vilitoka kwenye hela ya Januari 2016. Yeboyebo za kijani. Alilala nazo siku tatu, mama anamvua usiku, asubuhi anaamka anazitafuta kabla hajaangalia mtu.

Ticha wa Kibondo

Naongezea kama mwalimu. Watu wanalisema sana lile sharti la mahudhurio, kwamba mtoto asipokuja shule hela inakatwa, kama vile ni adhabu. Mimi nilikuwa najaza zile fomu. Sharti lenyewe lilikuwa linamsaidia mama kumjibu baba. Baba anasema mtoto akachunge, mama anasema akichunga hela itakatwa. Wengine niliwaona darasani kwa mara ya kwanza mwezi wa pili, mwezi ambao kwa kawaida wanapotelea mashambani kupalilia.

Makere Kwetu

Mimi nipo Makere, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo jirani hapo, ipo tangu 1996. Nataka niongezee upande ambao huwa hausemwi, upande wa sisi tunaouza.

Disemba 2016 WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, walianza kuwapa baadhi ya wakimbizi hela badala ya kuwagawia chakula chote kwa mkono. Mimi nina migomba na maharage. Kabla ya hapo mkimbizi alikuwa anapewa unga na njugu za mgao, akitaka kitu kingine anauza mgao wake kwa bei ya kutupa ndio anunue ndizi. Hela ilipoanza tulikuwa tunabeba ndizi asubuhi, saa nne zimeisha. Nilinunua baiskeli yangu ya pili kwa miezi ile. Vijana hapa kijijini wakaanza kulima mchicha na nyanya mabondeni kiangazi kwa sababu mnunuzi yupo. Agosti 2017 ikasitishwa na serikali. Sitaingia kwenye sababu, kila mtu ana yake, nachosema ni kwamba nyanya zilibaki mabondeni. Hela ukimpa masikini mmoja inapita kwa wengine watatu kabla haijatoka kijijini, mimi hiyo nimeishi.

Mlima Heru

Asante sana Makere Kwetu. Hata kwetu siku mbili baada ya malipo fundi cherehani alikuwa na kazi, muuza dagaa anapanda mlima na beseni lake, yule mama wa mafuta ya mawese anapima vikombe mpaka jioni.

Reli ya Kati

Mkuu, na zile kazi za kuchimba barabara ni mpango huo huo? Mama yangu mdogo Uvinza alikuwa anazifanya.

Mlima Heru

Ndio, zile zinaitwa ajira za muda. Kipindi kile ilikuwa siku 15 kwa mwezi kwa miezi minne, siku 60 kwa mwaka, na malipo 2,300 kwa siku. Zilipangwa kiangazi ili zisiingiliane na kilimo. Mama alifanya, walilima barabara ya kwenda zahanati na wakachimba makinga maji kwenye mlima. Hiyo barabara ndio baba alipitishwa akienda kufanya mazoezi ya mguu, kwa hiyo alipita kwenye kazi ya mkewe. 2,300 ni ndogo, ngwe ya mtu ilikuwa inalipa zaidi ya hapo. Lakini kiangazi ngwe za watu hazipo, hapo ndio tofauti.

Kilichonishangaza zaidi ni kikundi. Wanawake 14 waliokuwa wanapokea walianzisha kikundi cha hisa, hisa moja ilikuwa 1,000, sanduku la bati lina kufuli tatu na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, hakuna anayeweza kufungua peke yake. Mama ndio alikuwa na ufunguo mmoja. Aliufunga kwenye uzi akauvaa shingoni na hakuuvua hata akioga. Mwanamke ambaye miaka miwili nyuma alikuwa hawezi kupewa mkopo wa sabuni dukani! Mbuzi wetu wa kwanza, jike, 35,000, alitokana na huo mkopo wa kikundi pamoja na yale maharage. Akazaa mapacha. Samadi ikaenda kwenye migomba na migomba ikabadilika rangi.

Mimi nilimaliza darasa la saba 2016, nikaingia form one 2017, elimu bila malipo ilikuwa imeshaanza Januari 2016 kwa hiyo ada haikuwepo, lakini sare, godoro, madaftari na ndoo vinanunuliwa. Mmoja wa wale mbuzi mapacha alienda na godoro langu. Naye nilikuwa nimempa jina.

Nuru ya Malagarasi

Samahani dada zangu na kaka zangu, mimi nataka niseme upande mwingine kwa heshima. Kijijini kwetu kuna bibi anaishi na wajukuu wawili, siku ya mkutano alikuwa amelazwa, jina lake halikutajwa. Jirani yake mwenye bati na ng'ombe akatajwa. Yule bibi hajawahi kupata. Kwa hiyo msiseme hela inawafikia masikini wote.

Mlima Heru

Ni kweli kabisa na sijasema inawafikia wote. Orodha ikisomwa kwenye mkutano ambao mgonjwa hayupo na asiye na ndugu hana wa kumtaja, yule aliye chini kabisa ndio anaachwa. Na kwetu ilitokea, kulikuwa na mzee mwenye matatizo ya macho, mama yangu na wenzake wa kikundi walikuwa wanamchangia unga kila hisa zikikusanywa, kutoka kwenye ule mfuko wa jamii wa kikundi. Hiyo siyo suluhisho. Nakubaliana na wewe kwamba mtu aende nyumba kwa nyumba kabla ya mkutano, siyo baada. Bibi yako kama bado yupo mpeleke mwenyewe kwa mtendaji mkononi, usimtume mtu, na uende na jirani wawili wa kumshuhudia.

Nuru ya Malagarasi

Yupo. Jumatatu nitaenda naye.

Mpenda Ukweli

Mkuu mimi nilikuja kubishana nimeishia kusoma mara mbili. Swali la mwisho kutoka kwangu, mlitoka? Yani mlifika mahali mkasema sasa hatuhitaji tena? Na ule muhogo mlirudia kupanda?

Mlima Heru

Muhogo tulirudia 2017, ila vipando mama hakupokea kwa jirani, alisubiri mbegu zinazovumilia ugonjwa zilizoletwa na bwana shamba, alipata vijiti ishirini tu. Vile ishirini akavipanda peke yake mbali na ule wa zamani, ule wa zamani akaung'oa wote akauchoma japo watu walimsema anachoma chakula. Mwaka uliofuata vikawa zaidi ya mia. Sasa hivi watu wanakuja kwake kuomba vipando.

Kuhusu kutoka, sijui niseme siku gani. Hakuna siku tuliyoamka tukasema tumetoka. Kwa mimi naona ilikuwa Disemba moja, nipo likizo form two, akaja mama mmoja wa kitongoji cha chini, mume wake yupo Urambo kwenye tumbaku hajatuma kitu, akasimama mlangoni hakuingia, anazungusha kanga mkononi, anauliza kama mama ana debe la mahindi la kumkopesha mpaka mavuno. Mama akaingia ndani akapima debe, akalijaza mpaka likawa na mlima juu. Yule mama akauliza, atarudisha mangapi. Mama akamwambia moja. Yule hakuelewa akauliza tena, moja na nini? Mama akamjibu moja, na kesho usiende kwenye ngwe ya mtu, lima la kwako.

Mwezi wa tano alirudisha, nilikuwa shule, mama alinipigia kwa simu ya jirani kuniambia tu hiyo, kwamba debe limerudi na lina mlima juu vile vile.